Niwekee, Wifi

Simu iliita Mama Pasi akiwa katikati ya kola ya shati la meneja, na kola haiachwi nusu, kwa hiyo aliiacha iite mpaka ikakata. Ilipoita tena aliisimamisha pasi kwenye kibao chake, akafuta jasho la kidevu kwa mkono wa gauni, akapokea. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mpishi wa shule ya bweni katika mji mwingine.

"Wifi, mwenye vyumba ninavyopanga amekubali kuniuzia!" Sauti ilikuwa juu, ya mtu anayeshindana na masufuria. "Vyote viwili, na choo ndani. Jumamosi nakuja kwako kuchukua zile pesa, Jumatatu namkabidhi. Zipo, si ndiyo?"

"Zipo, wifi. Ziende wapi?"

"Nauliza tu. Tangu jana usingizi sina, furaha imenizidi."

"Zipo. Wewe njoo."

Hakuwa anadanganya. Kwa hesabu yake pesa zilikuwepo, tena zilikuwa zimezaa. Kilichomkera ni hiyo Jumamosi, maana kule zilikokuwa, mtu akitaka mtaji wake wote alitakiwa kutoa taarifa mwezi mzima kabla, na leo ilikuwa Jumatatu. Lakini meneja wa kule ndiye mwenye hii kola. Mashati yake alikuwa akiyafua yeye kila wiki. Mtu unayemjua mpaka jasho la kwapa, alijiambia, hawezi kukukazia kwa mwezi mmoja.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi kana kwamba hakupewa jina na wazazi, alikuwa uani akianika mashuka ya nyumba ya wageni.

"Nani huyo?"

"Dada yako. Amepata vyumba."

"Alhamdulillahi. Zile pesa uliziweka wapi vile?"

"Si nilikwambia nimeziweka?"

"Uliniambia umeziweka. Wapi, sikuuliza."

"Na leo ndiyo umekumbuka kuuliza?"

Dobi akarudi kwenye mashuka yake. Alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. Mwaka uliopita mashine ya kufulia ilipoingia ndani ikibebwa na vijana wanne, aliambiwa imenunuliwa kwa faida, naye akaamini ni faida ya mashati. Mtu aliyefua mashati kwa miaka kumi na saba anajua vizuri mashati yana faida gani. Lakini mikono yake ilikuwa imechoka, na mikono iliyochoka haina maswali.

Wawili hawa walikuwa na sifa moja tu mjini, na sifa hiyo ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu. Kila nguo kabla haijaingia majini, mifuko ilikung'utwa. Kilichopatikana, iwe sarafu, funguo, hereni moja au noti iliyokunjwa, kilifungwa kwa uzi wa rangi ileile iliyoshonwa kwenye kola za mteja huyo, kikaingia kopo. Siku mteja akija, anapewa nguo zake na cha mfukoni. Uzi wa meneja ulikuwa wa kijani. Wakati huo kopo lilikuwa na noti zake tano, alizozisahau kwenye suruali.

Ni kwa sababu ya kopo lile wifi mtu alikuja kwao na fidia ya mumewe. Marehemu alikuwa dereva wa lori, akafa na lori la watu kwenye mteremko, na mwajiri alilipa baada ya kumzungusha mjane miaka miwili. Pesa zilipotoka tu, mashemeji wakaanza kuja kumsalimia, mmoja na mpango wa kuku, mwingine na mpango wa pikipiki. Akazifunga kwenye kitenge, milioni sita, akapanda basi.

"Niwekee, wifi," alisema siku ile. "Zikikaa kwangu zitaliwa nikiangalia. Kwenu hata sarafu ya mtu hamli."

"Nitakuwekea," alisema Mama Pasi, na alimaanisha.

Ila chini ya godoro pana unyevu na pana panya. Benki aliwahi kwenda. Aliulizwa maswali mengi na binti aliyekuwa akimwangalia vidole, akafungua akaunti, na baada ya miezi michache akakuta pesa zimepungua bila yeye kuzigusa. Gharama za uendeshaji, aliambiwa. Alitaka kujua wanaendesha nini. Tangu siku hiyo benki kwake ilikuwa mahali pa watu wenye viatu vya kung'arishwa.

Kulikuwa na Dirisha. Jina la kampuni lilikuwa refu na lilikuwa na neno maendeleo ndani yake, lakini watu waliita Dirisha, kwa sababu ya lile dirisha la kioo ambapo kila mwisho wa mwezi ulisimama, ukataja namba yako, ukapewa faida yako mkononi na kuitwa mama au mzee kwa heshima zote. Hakuna foleni ya kukuchosha, hakuna fomu za kukufedhehesha. Asilimia tatu kila mwezi, na mtaji wako palepale. Muuza mboga aliweka. Fundi matairi aliweka. Mwalimu mstaafu aliweka kiinua mgongo chote.

"Mama, pesa ikilala inaoza," meneja alimwambia siku moja akisubiri mashati, ameegemea meza ya kupigia pasi kama mtoto wa nyumbani. "Wekeza kwetu uone."

Wekeza, alisema. Hakumdanganya hapo. Ila masikio ya Mama Pasi, sawa na ya mtaa mzima, yaliukata mkia wa neno hilo. Alisikia weka. Wifi yake alimwambia amuwekee, na huyu kijana msafi, mwenye kola isiyo na hata mstari wa uchafu, anamwambia aweke. Mambo yakaoana. Faida ya mwezi wa kwanza alisema atamtunzia wifi. Ya pili alilipia ada ya binti yake chuoni, akasema atarudisha. Baadaye ikaja mashine. Lakini mtaji, alijiambia kila mwezi, mtaji sijaugusa.


Jumanne asubuhi alibeba mashati ya meneja kwenye hanga, ili aonekane amepita tu. Hakufika mlangoni. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, na pazia la chuma lilikuwa limeteremshwa mbele ya kile kioo. Mlinzi alisimama mbele yake ndani ya sare ambayo Mama Pasi aliinyoosha mwenyewe wiki iliyopita, na mikunjo ya suruali bado ilikuwa imesimama wima.

"Mama Pasi, rudi nyumbani. Leo hapa hakuna kitu."

"Wamefunga?"

"Hawajafunga. Wamesitisha."

"Tofauti yake nini?"

"Wangefunga si ningekuwa nimeshalipwa nikaenda zangu?"

Muuza mboga alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, kikapu kitupu mapajani. "Mimi ndiyo maana nilikimbia benki," alikuwa akimwambia yeyote aliyesimama karibu. "Benki ukiweka kumi ukirudi unakuta tisa. Hapa nilikuwa nakuta kumi na tatu."

"Leo umekuta ngapi?" aliuliza fundi matairi.

"Wewe nawe!"

"Ingekuwa benki imefunga, serikali ingeshafika," alisema Mwalimu. Alivaa koti asubuhi ile ya joto, akidhani pengine koti litasikilizwa. "Hapa sijui nani anafika."

"Si walikuwa na picha ya rais ukutani?" aliuliza Mama Pasi.

"Hata kinyozi wangu anayo."

Watu wachache walicheka, halafu wakajutia kucheka. Saa zilivyokwenda pazia likainuliwa kiasi cha mtu kupita ameinama, na binti aliyekuwa akigawa faida pale dirishani akatoka. Hakuwa na meneja. Alishika karatasi.

"Ndugu wawekezaji," alisoma. "Fedha zenu ziko salama. Kampuni ilizikopesha kwa mjenzi wa maghorofa. Maghorofa hayajapata wanunuzi, kwa hiyo mjenzi hajarejesha. Yakinunuliwa, kila mmoja atapata haki yake."

"Ziko salama wapi?"

"Kwenye maghorofa."

"Basi mimi nipe ngazi tu!" alipiga kelele fundi matairi. "Ngazi ya kupandia mpaka ghorofa ya pili inanitosha!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Pasi alijipenyeza mpaka mbele, hanga juu ya kichwa mashati yasikunjike.

"Binti, meneja yuko wapi?"

"Yuko kikaoni, mama."

"Mwambie ni mama wa mashati. Nina shida yangu peke yangu, ya Jumamosi. Si ya hawa."

Watu nyuma yake walisikia. "Si ya hawa?" mwanamke mmoja alisema. "Kumbe sisi tuna shida za nani?" Mkono ukamvuta gauni, mwingine ukamsukuma, na shati moja jeupe likaanguka likakanyagwa. Aliliokota. Kitu cha kwanza alichofikiri, na baadaye kilimuuma kuliko yote, ni kwamba itabidi alifue upya.


Ni Mwalimu aliyesema waende Benki Kuu. Walikwenda wawili siku iliyofuata. Mlangoni walipekuliwa, mkoba wa Mama Pasi ukamwagwa mezani, kitana, vifungo, uzi wa rangi tano. Wakapewa namba, wakakaa kwenye viti vya baridi wakitazama namba za wengine zikiitwa.

Ofisa aliyewapokea alikuwa na shati lisilopigwa pasi vizuri. Kola imejikunja upande mmoja, kifungo cha pili kinaning'inia kwa uzi mmoja. Mama Pasi alimtazama akakosa imani naye papo hapo.

"Hao wana leseni ya biashara," ofisa alisema. "Ya manispaa. Sawa na ya saluni."

"Lakini wanapokea pesa za watu," alisema Mwalimu.

"Ndiyo."

"Na wanakopesha."

"Ndiyo."

"Sasa benki ni nini, kama si hiyo?"

"Wanafanya kazi ya benki, mzee, lakini si benki. Sisi huku tunaziita benki kivuli. Hatuzikagui. Hazitunzi akiba yoyote kwetu. Benki yenyewe ikianguka kuna bima ya amana, mteja anapata chochote. Hizi zikianguka..." Akafungua viganja.

"Kivuli gani kina kiyoyozi?" alisema Mwalimu.

"Na nyinyi mlijua zipo?" aliuliza Mama Pasi.

"Tulitoa tahadhari kwa umma, mama. Gazetini, mwaka juzi." Akalitaja gazeti.

Gazeti lile Mama Pasi alilijua vizuri. Alilinunua kwa kilo, akalitumia kufungia mashati. Huenda tahadhari yenyewe ilipita mikononi mwake, akaikunja kwenye pembe, akamfungia meneja.

"Mimi pesa si zangu," alisema. "Nilipewa niweke. Nikaweka. Nataka tu kile nilichoweka, faida wachukue."

Ofisa alivuta kiti mbele. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilifanya maneno yake yawe mazito zaidi. "Tuelewane, mama. Ukiweka, pesa ni yako, unatunziwa. Ukiwekeza, umempa mtu afanyie biashara, na biashara ikizama mnazama wote. Wewe hukuweka. Uliwekeza."

"Niliweka!"

"Ulikuwa unalipwa asilimia tatu kila mwezi. Hebu niambie, wewe ukimtunzia mtu kitu chake, unamlipa yeye?"

Mama Pasi alifikiria kopo lake juu ya rafu.

Nje, kwenye ngazi, Mwalimu alivua koti hatimaye. Alikaa chini kama mtoto.

"Unajua nilikuwa nafundisha somo gani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kiswahili. Weka, wekea, wekeza, wekwa. Nimeyaandika ubaoni maisha yangu yote. Mtoto akikosea nilimchapa." Alijaribu kucheka ikashindikana. "Na pale dirishani nilipotia sahihi, sikuliona hata hilo neno. Nilikuwa naangalia asilimia tatu."


Dobi alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono ikidondosha povu sakafuni. Mkewe alitegemea atapigiwa kelele. Angependa apigiwe, mambo yakaisha.

"Dada yangu," alisema Dobi tu. "Pesa za shemeji yangu aliyekufa."

"Nilijua ni kuweka."

"Na mashine?"

"Mashine ni ile faida."

"Kwa hiyo na mimi nimekula."

"Wewe hukujua."

"Sikuuliza," alisema Dobi. "Si kitu kimoja." Akaenda kuizima mashine, ikanguruma mara ya mwisho, ikanyamaza, na wote wawili wakasikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya kabla haijaja.

Waliiuza Ijumaa. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye mashuka yake yalifuliwa na mashine hiyohiyo, alikuja na fundi wake. Waliizunguka, wakaigonga ubavuni, wakafungua mlango wakanusa.

"Laki tatu na nusu."

"Bosi, tuliinunua laki nane," alisema Mama Pasi. "Hata miaka miwili haina."

"Dada, nasikia Dirisha limeanguka. Mjini hapa wiki hii kila mtu anauza kitu." Alisema kwa upole, akitazama ukuta. "Halafu nikishakuwa na mashine yangu, mashuka sitaleta tena. Nimewaambia mapema tusije tukalaumiana."

Walipokea. Vijana wanne waliiondoa kama walivyoileta, na kwenye sakafu palibaki alama safi ya pembe nne.


Jumamosi wifi alishuka kwenye basi na kibegi kimoja, uso umejaa habari. Kabla hajakaa alitoa kitu kwenye pochi akakiweka mezani juu ya shuka la kupigia pasi. Kilikuwa kufuli, jipya, bado limo kwenye plastiki yake, funguo tatu.

"Nimenunua kabisa! Niliona duka liko wazi nikasema, wee, mwenye nyumba bila kufuli ni mwenye nyumba gani? Ufunguo mmoja wangu, mmoja nitawaachia nyinyi, mkija mnikose muingie." Akawatazama. "Mbona mmepoa hivi? Kuna msiba?"

Dobi alimtazama mkewe, na mkewe akaeleza. Alieleza vibaya, akianza na maghorofa, akarudi kwa meneja, akaruka mpaka Benki Kuu. Wifi yake alisikiliza, na tabasamu lilikaa usoni pake muda mrefu baada ya kupoteza kazi, kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke.

Mama Pasi alisogeza bahasha. "Hizi ni laki tatu na nusu. Za mashine."

"Mashine gani?"

"Tuliyonunua. Kwa ile faida."

"Faida ya pesa zangu."

"Ndiyo, wifi."

"Kwa hiyo mlikuwa mnafulia mashuka ya watu kwa damu ya mume wangu." Hakupaza sauti. "Juzi nilikuuliza kwenye simu. Ukaniambia zipo. Ziende wapi, ukasema."

"Nilidhani zipo. Wallahi nilidhani nimeweka."

"Hebu rudi nyuma. Siku ile nilipokuja na kitenge, nilikuambia nini? Neno lenyewe, kama nilivyolisema."

Mama Pasi aliangalia mikono yake. "Uliniambia nikuwekee."

"Nilikuambia uniwekee. Sikukuambia uniwekezee."

"Dada," alisema Dobi, "tutakulipa. Kidogo kidogo, lakini mpaka iishe."

"Kwa kola ngapi, mdogo wangu?"

Wifi aliomba maji, akanywa yote. Aliichukua bahasha, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuikataa, na kuichukua kulimfanya alie, kilio kidogo cha hasira ambacho alikifuta haraka kwa kiganja. Kisha akalichukua kufuli lake, akauliza basi la jioni linaondoka saa ngapi. Mama Pasi alitaka kumsindikiza mpaka kituoni.

"Kaa," alisema wifi. "Naijua njia."

Jumatatu mwenye vyumba alisubiri mpaka saa sita, akamuuzia mwenye duka la jirani aliyetaka stoo. Mwenye duka alimpa wifi, aliyekuwa mpangaji humo, mwezi mmoja ahame. Shule ilipofungwa, wapishi wa mkataba hawakulipwa likizo, na kila chumba alichokwenda kuuliza walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Laki tatu na nusu ilikwishaliwa na madeni ya dukani. Basi akapanda gari akaja kwa mdogo wake, na sanduku. Hapakuwa na pengine.


Alilala chumba cha mbele, kwenye godoro lililotandikwa chini ya nguo za watu zinazoning'inia. Kila asubuhi alilikunja kabla wateja hawajaja. Sanduku lake alilisukuma kwenye pembe ilipokuwa mashine, amelifunga kwa lile kufuli jipya. Ndani mlikuwa na nguo tu na picha ya marehemu, kila mtu alijua. Lakini kila alipotoka kwenda hata chooni, alilijaribu kwanza kama limeshika. Mama Pasi alisikia kile kidude kikilia, ko, na kila mara kilimpiga palepale.

Wifi hakugombana. Alikunja mashuka, alipika, alipika vizuri kuliko walivyowahi kula. Aliongea na mdogo wake. Kwa mke wa mdogo wake aliongea kinachohitajika tu, chumvi imeisha, mteja yupo mlangoni. Na wateja walikuwa wamepungua. Wenye mashati ya kunyooshwa wengi walikuwa watu wa Dirisha, na waliobaki walihesabu chenji yao mbele ya Mama Pasi, kitu ambacho hawakuwahi kukifanya. Habari za pesa za wifi zilikuwa zimeshazunguka. Mtaani walisema kala za mjane, na wengine waliosema hivyo walikuwa wameweka za wazazi wao.

Mashati ya meneja yalibaki kwenye hanga. Lile lililokanyagwa alilifua tena, likarudi jeupe. Meneja mwenyewe hakuonekana tangu siku ya pazia. Polisi walipoulizwa walisema wanamtafuta, na kwamba waliokuwa na maelezo waje nayo kwa maandishi.

"Yachome na pasi," Dobi alimwambia mkewe siku moja. "Moja moja. Anza na mgongo."

"Yakichomwa yatarudisha nini?"

"Basi zile noti zake chukua. Mpe dada, ziko tano hizo, si haba."

Mama Pasi alilishusha kopo, akalifunua, akazitazama zikiwa zimefungwa uzi wa kijani. Akalifunika. Alifanya hivyo siku nyingi. Alizitaka, mkono ulikuwa unamwasha. Lakini alijua akizichukua, yale wanayoyasema mtaani yatakuwa kweli. Kopo ndilo lililobaki la jina lake, na aliogopa kubaki bila hilo nalo.

Dereva alikuja asubuhi moja katikati ya juma, kijana mchangamfu mwenye miwani ya jua kichwani, akaegesha gari mbele ya mlango. Dobi alikuwa kwenye beseni. Wifi alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, anasubiri mtu wa kushika ncha nyingine.

"Habari za hapa! Nimetumwa mashati ya meneja. Sasa hivi yuko mji mwingine, kaniambia kuna mama hapa, mashati yake hayajawahi kunyooshwa hivyo popote."

"Anafanya nini huko?" aliuliza Mama Pasi.

"Kazi ileile. Kampuni nyingine tu, jina jingine. Wanafungua wiki ijayo, ndiyo maana anayataka haraka."

Dobi aliinuka kutoka kwenye beseni, povu mpaka viwikoni. "Mwambie mashati hakuyaweka hapa. Aliyawekeza. Asubiri maghorofa."

Dereva alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee una maneno wewe! Nitamfikishia."

Hakuna mwingine aliyecheka. Mama Pasi alikuwa ameshasimama kwenye hanga. Aliyateremsha mashati moja moja, akafunga kifungo cha juu cha kila moja, akayakunja mgongo ndani mikono nyuma, akayafunga kwenye gazeti bila kulitazama. Vidole vilifanya kazi vyenyewe. Alitaja bei ya kufua, kijana akalipa, akamrudishia chenji. Halafu akapanda kigoda, akashusha kopo, akatoa kile kifungu chenye uzi wa kijani.

"Wewe mwanamke," alisema Dobi.

"Zilikuwa kwenye suruali," Mama Pasi alimwambia dereva. "Noti tano. Zihesabu hapahapa."

Kijana alizihesabu, akamtazama, akazihesabu tena. "Mama, hii dunia bado ina watu. Angekuwa mwingine angeshakula zamani!" Akazitia mfukoni, akachukua kifurushi chake kwa mikono miwili ili kisikunjike, akaondoka. Gari likawashwa, likapinda kona.

Mama Pasi aliliweka kopo tupu mahali pake. Aliposhuka kwenye kigoda alikuta wifi yake bado amesimama na ncha zake mbili za shuka, amemnyooshea zile nyingine. Akazishika. Walilivuta shuka pamoja likanyooka, kama wanavyolivuta kila siku, wakasogeleana kukutanisha ncha, na zilipokutana wifi aliachia upande wake.

"Kumbe kuweka unajua," alisema.